Mlango Ulipovuka Kijito

Saa tatu asubuhi Mama Vifungo alikuwa mlangoni akishona pindo la sketi ya shule, alipoona bomba la maji ya mvua halifiki tena kwenye tangi. Lilipungua hatua tano. Tangi halikuwa limesogea. Basi iliyosogea ni nyumba. Alikata uzi kwa meno, akampigia simu mwana wa mdogo wake, fundi mwashi, amletee kipande kingine cha bomba.

Fundi mwashi alikuja, akaizunguka nyumba mara mbili, akagonga kuta. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

"Inateremka, mama mkubwa. Tena inateremka vizuri."

"Inaelekea wapi?"

"Kwetu."

Kwao ni chini kabisa bondeni, ng'ambo ya kijito, kwa mdogo wake Mama Vifungo. Kwa miguu mizima ni mwendo wa robo saa. Lakini nyonga ya Mama Vifungo ilikuwa imelika, na mdogo wake magoti yote mawili yalikuwa yamekwisha, na njia ile pikipiki haiwezi. Wote walikuwa wakingoja upasuaji, kila mmoja katika orodha ya hospitali ya upande wake. Mwaka mmoja wanaume wanne walimbeba Mama Vifungo kwenye kiti. Kabla ya nusu ya njia alilia kwa maumivu hadi wakamrudisha. Dada hawa hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Simu zipo, sawa, lakini simu haina mikono. Mama Vifungo alikuwa na hamu na mdogo wake mpaka siku nyingine chakula hakipiti.

Nyumba iliendelea, hatua tano kwa siku, mvua ikinyesha kumi. Wateja walizoea. "Nguo yangu niifuate wapi Ijumaa?" waliuliza, naye akawaambia, "Hapo chini kidogo." Jirani mwenye maharage alinung'unika, kisha akahamisha matuta. Mwezi wa tatu, Mama Vifungo akiwa kwenye cherehani yake, alianza kuuona uso wa mdogo wake mlangoni kwake, mdogo kama kifungo cha shati.

Ndipo akaja karani wa orodha. Kila baada ya miezi minne alipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha wanaongoja wako hai, maana waliokufa, alisema, wanajaza daftari.

"Namba themanini na tisa, upo?"

"Nipo, baba. Karibu."

Karani alichungulia nje, akaufunga mwavuli wake. "Mama, kijito kile ndio mpaka. Huku hospitali yetu, kule yao. Orodha inafuata mlango wa nyumba. Mlango ukivuka, unaanza upya."

"Na miaka yangu minane?"

"Itabaki huku."

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa maji, akashonewa kifungo cha mkono wa shati, na ni yeye aliyetoa wazo la kuweka mawe chini ya ukuta, kama watu wanavyozuia lori mlimani. Fundi mwashi aliyaweka jioni ileile. Nyumba ikasimama, hatua ishirini kabla ya maji.

Siku ya kwanza mdogo mtu alipunga kitambaa. Siku ya pili alipunga tena. Siku ya tatu akapiga simu.

"Dada, mbona umesimama? Kiti nimeshakutolea."

"Nina namba, mdogo wangu. Naogopa kuipoteza."

Mdogo mtu akasema, "Haya," na sauti yake ilimkata Mama Vifungo maini.

Mama Vifungo akampigia karani, akamuuliza mwaka uliopita walipasuliwa wangapi. Sita, akajibiwa, daktari wa mifupa huja mara mbili tu kwa mwaka. Mama Vifungo alichukua chaki ya kuchoria vitambaa, akapiga hesabu juu ya meza. Alikuwa na miaka sitini na minane. Zamu yake ingemkuta na themanini na mitatu, kama ingemkuta. Akafuta meza kwa kiganja.

"Toa mawe," akamwambia fundi mwashi.

"Na namba je, mama mkubwa?"

"Namba haijawahi kuja kunijulia hali hata siku moja."

Nyumba ilivuka Alhamisi, kabla ya saa sita. Maji yalipita pembeni. Ilipanda ukingo taratibu, ikageuka kidogo, ikasimama dirisha kwa dirisha na ile ya mdogo wake. Hakuna kati ya dada hao aliyeweza kuinuka haraka, kwa hiyo walinyoosha mikono kupitia madirishani, wakashikana.

"Umekonda, dada."

"Na wewe umezeeka! Hebu nikuone vizuri." Kisha wakalia, kwa sauti, bila kujificha.

Karani wa upande wa pili alifika Jumatatu na daftari jipya, akasimama kati ya madirisha mawili. Alimwandika Mama Vifungo kuwa wa mia tatu na sita. Mwaka uliopita, alisema, walipasuliwa wanne. Akampa kalamu atie sahihi. Mama Vifungo alitia kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia mdogo wake alikuwa hajauachia.