Piano ya Mwezi wa Mfungo

Ramadhani ya mwaka 2011 ilipoingia, hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Doha, ilifunga piano yake kwa ufunguo, kama ilivyofanya kila mwaka. Muziki ungerudi Idi. Phoebe Onyango, mpiga piano wa ukumbi wa mapokezi, aliujua utaratibu huo. Miaka minne iliyotangulia aliufanya likizo. Safari hii hakuweza kutulia. Tarehe tatu Septemba alikuwa na usaili wa okestra iliyotafuta mpiga piano wa msimu mzima, na tangazo lilisema mwombaji awe chini ya miaka arobaini. Phoebe alikuwa na thelathini na tisa.

Alianzia kwenye piano ya kanisa Kisumu. Akiwa na miaka kumi na tisa alipata ufadhili wa kwenda kusomea muziki Manchester, na baadaye akapiga na okestra katika miji kumi na minne. Kisha wakala wake akafunga ofisi, mialiko ikakatika, viza ikaisha. Ilikuwa miaka saba tangu aketi mbele ya okestra. Sasa, katika chumba cha kupanga Muaither, pembezoni mwa Doha, vidole vyake viligonga meza, goti, ukingo wa sinki, hata mwenzake wa chumba, Mwanahamisi, akamwambia aache au ahame.

Siku ya tatu ya mfungo alimwendea Nassoro, mlinzi wa zamu ya asubuhi, aliyetunza ufunguo.

“Kaka Nassoro, nifungulie. Sitatoa sauti.”

“Piano isiyotoa sauti?” Nassoro alikuwa Mzanzibari, na saumu haikumpunguzia maneno. “Dada, mimi nimefunga kula, sijafunga akili.”

Phoebe alimwonyesha. Kibonye kikishushwa polepole mno, nyundo ya ndani hainuki kiasi cha kuufikia waya. Nassoro aliinamisha sikio juu ya piano. Kimya.

“Haya. Lakini ikizidi, nafunga.”

Ikawa hivyo kila asubuhi, saa mbili kwa siku, wageni wakiwa bado wamelala. Nassoro alivuta kiti, akakaa kusikiliza kisichotakiwa kusikika, na mwishoni akatoa hesabu ya noti zilizoponyoka. “Leo saba.” “Leo tatu, tena ndogo.” Wiki ya mwisho alisema, “Safi dada. Hata moja.” Phoebe alifurahi kuliko alivyotarajia.

Siku ya pili ya Idi piano ikafunguliwa rasmi. Phoebe akaanza kipande chake cha usaili. Kilianza na piano peke yake, kwa sauti ya chini kabisa: noti tano kwa pamoja, okestra ikiwa inasubiri. Zilisikika tatu. Akarudia. Nne.

“Hii AC imeiharibu,” alisema. “Inabidi aitwe fundi.”

Nassoro alisogea, akabonyeza kile kibonye bubu kwa kidole gumba. Kikalia, wazi kabisa.

“Piano nzima hii. Ni wewe.”

Phoebe alipiga hesabu. Saa hamsini na mbili alikuwa amevifundisha vidole kusimama kabla tu ya sauti, na vilikuwa vimejifunza. Sehemu za kishindo hazikuwa na tatizo. Palipoharibika ni pa sauti ya chini, penye thamani yote.

Siku tatu zilizobaki alipiga mwanzo ule tu, mamia ya mara, mpaka meneja akauliza kama wimbo hauna mwisho. Jumamosi alienda. Wasaili walikuwa wanne. Akaketi, akapangusa viganja, akaweka vidole.

Noti nne.

Aliondoa mikono. “Naomba nianze tena.”

“Okestra haianzi mara mbili,” alijibu mwanamke aliyekaa katikati, bila ukali. “Endelea.”

Aliendelea, na alijua kwamba dakika thelathini zilizofuata alizipiga vizuri. Barua ya Alhamisi ilikiri hivyo hivyo, kisha ikasema wamemchagua mwingine.

Kabla ya zamu yake alimkuta Nassoro mapokezini.

“Wamesemaje?”

“Noti moja.”

“Moja tu, dada?”

“Ilikuwa ya kwanza.”

Nassoro alikuna kidevu. “Mimi ndiye niliyekuwa nakusifia.”

“Ulisifia vizuri. Nilifanya nilichokuomba usikilize.” Phoebe alifungua piano. Angetimiza arobaini mwezi Machi, na kabla ya hapo okestra za mahali pengine zingefanya usaili; alikwisha kuyatafuta matangazo, yalikuwa mawili. “Leta kiti chako. Sasa nihesabie zisizotoka.”

“Zisizotoka nitazisikiaje?”

“Umezisikiliza mwezi mzima.”

Nassoro akavuta kiti mahali pake pa zamani, akakunja mikono. Phoebe akaweka vidole, akavuta pumzi, akashusha.

“Moja,” akasema Nassoro.

Akashusha tena.