Tambuu Mbichi

Mama Wartini ndiye aliyekuwa akiwapigia madaktari hodi. Yeye ni mhudumu wa afya wa kichochoro chao pale Surabaya, naye alitakiwa awaingize nyumba kwa nyumba, wapate kujua ni watu wangapi mjini wana maradhi ya kioo cha jicho. Wengi, jamani! Huyu kovu, yule chamba, yule kidonda. Kila mlangoni Mama Wartini aliwakanya watu wasioshe macho kwa maji ya majani ya tambuu, dawa ya bibi zao wote, na kila mlangoni alikwepa macho yao.

Maana kwake, nyuma ya pazia, alikuwa amemficha mumewe. Mzee Kasdi huunda matundu ya ndege, na wiki ile kibanzi cha mwanzi kilimrukia jichoni. Mkewe, mhudumu wa afya mzima, akamwosha kwa tambuu. Tena mbichi! Tambuu ikichemshwa hunukia kichochoro kizima, naye hakutaka majirani wanuse. Sasa jicho limevimba na kuota doa jeupe, na mwanamke wa watu ana aibu hata chakula hakimpiti.

Nyumba yake akairuka, akasema hamna mtu. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Kasdi aliguta kwa maumivu, na jirani yao Sulastri akaingia akamtoa nje kwa mkono, watu wakitazama.

Daktari Laksmi alimtia dawa ya rangi ya kuonyesha kidonda, akammulika. Kisha akasema jicho bado linaweza kupona, ila majani mabichi huingiza vimelea vya ukungu, na ukungu una dawa yake peke yake. Dawa ikikosewa, jicho linakwenda. Akauliza lilioshwa na nini.

"Tambuu," Kasdi akawahi kujibu. "Nilijiosha mwenyewe, mke wangu hana habari. Niliichemsha vizuri."

Watu wakamcheka, mume wa mhudumu asiyemsikiliza mkewe. Akainamisha kichwa, akakubali kuchekwa. Daktari akachukua chupa ya dawa ya kawaida. Mama Wartini alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza tu, jina lake lingebaki safi.

"Haikuchemshwa," akasema. "Nilimwosha mimi. Niliiloweka mbichi, nikamficha kwa aibu yangu. Anajisingizia ili anisitiri."

Hakuna aliyecheka tena. Daktari akairudisha chupa, akaagiza mzee apelekwe hospitali saa ile ile. Mama Wartini akabaki amesimama katikati ya watu, uso hajui auweke wapi, akingoja matusi. Hayakuja. Sulastri tu ndiye aliyemsogelea.

"Mama, mimi nilikuona unachuma tambuu," akasema taratibu. "Nikajua kama mhudumu mwenyewe anatumia, basi ni dawa. Jana nilimwosha mwanangu macho."