Vanila ya Magoti

Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu aolewe katika nyumba ile, na mama mkwe bado alimwita Mgeni.

Hakumwita hivyo kwa ubaya. Ubaya ungekuwa nafuu. "Mgeni, kaa chini, utachoka." "Mgeni, sufuria hiyo nzito, iache." Akishika ufagio, unapokonywa kwa tabasamu. Akisogelea jiko, anavutiwa kiti. Wenzake wote walikunywa chai kwa vikombe vilivyomeguka midomo. Yeye alitolewa kile cha maua, cha kabatini, kisichoguswa na mwenye nyumba.

"Natamani siku moja mama yako anifokee," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa kushinda juu ya ngazi za watu wiki nzima. Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Duniani kote ni wewe tu unayelilia kufokewa na mama mkwe."

Lakini yeye hakuwa anatania. Alitaka kuwa mtu wa nyumba ile, na nyumba ile ilikuwa jikoni.

Kutoka kwao alikuja na kitu kimoja alichokithamini kuliko sanduku zima la nguo: maganda kumi na mawili ya vanila. Mama yake mzazi alikuwa na mivanila michache iliyopanda juu ya miti nyuma ya nyumba, na kila ua lilipofunguka alilichavusha kwa mkono, kwa kijiti chembamba, asubuhi hiyo hiyo, maana ua hilo halingoji kesho. Siku ya kumuaga bintiye alimpa maganda yale yamefungwa kwenye karatasi, meusi, laini kama mkanda wa ngozi uliovaliwa miaka.

"Usiyamalize kwa papara," alimwambia. "Yaloweke. Tikisa miezi ya mwanzo, kisha iache chupa ilale yenyewe. Usiichungulie chungulie."

Kuloweka vanila si kazi ya kumtoa mtu jasho. Unapasua ganda kwa urefu ili punje zake nyeusi zipate njia, unalitia chupani, unamimina pombe kali isiyo na rangi mpaka maganda yote yazame, unafunga, unaweka pasipo na jua. Kazi yenyewe ni kungoja. Kwake yeye kazi ilikuwa pombe, kwa kuwa kileo hakikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Aliinunua mtaa wa mbali, akaileta ndani ya kikapu chini ya mafungu mawili ya mchicha, moyo ukimdunda kama aliyeiba.

Chupa aliipata kwa baba mkwe. Mzee huyo alikuwa ametoa dawa dispensari miaka thelathini na minane, na mtaa mzima ulimwita Mzee Dozi. Kabati lake la ukumbini lilijaa chupa za kahawia, kila moja na lebo aliyoiandika mwenyewe kwa herufi zilizosimama wima kama askari. Hakuishia kwenye dawa. Kopo la chumvi liliandikwa CHUMVI, KWA KIASI. Kiberiti kiliandikwa WEKA MBALI NA WATOTO, na nyumba haikuwa na mtoto hata mmoja.

"Chupa isiyo na lebo siiamini," alipenda kusema, "hata kama nimeijaza mwenyewe."

Mgeni alichukua chupa tupu, akaloweka vanila yake, akaisukuma nyuma kabisa ya kabati lile, katikati ya dada zake. Nani angeigundua humo? Lebo hakubandika. Angeandika nini, Pombe?

Hapo ndipo alipokosea. Angeiweka uvunguni mwa kitanda, ingekaa salama miaka kumi. Kuficha chupa isiyo na lebo ndani ya kabati la Mzee Dozi ni kama kumficha mtoto anayelia ndani ya darasa lililonyamaza.

Miezi ya mwanzo aliitikisa kila Jumamosi. Kisha, kama alivyoagizwa, akaiacha ilale. Alipita mbele ya kabati lile amekaza shingo, asijitie majaribuni.

Wakati huo wifi yake, msusi mwenye mdomo mwepesi kuliko vidole vyake, akachumbiwa, na siku ya harusi ikapangwa. Jioni moja mezani mama mkwe alitangaza, "Keki ya binti yangu nitapika mimi. Nimewapikia watu wote, nitashindwa wa kwangu?"

Mgeni alipiga moyo konde. "Mama, naomba niipike mimi. Nina vanila yangu, nimeitengeneza mwenyewe. Inaiva."

"Mgeni, usijichoshe, mwanangu. Ile ya dukani inatosha."

"Ile ya dukani, Mama," wifi alidakia, "ukiisikia unakumbuka sabuni. Mwache ajaribu! Akiharibu nitakula huku nimefumba macho."

Mama mkwe aliwatazama wote wawili. "Haya. Jumamosi ya kabla ya harusi apike ndogo, niionje. Ikiishinda yangu, keki ya harusi ni yake na jiko ni lake. Isipoishinda, siku ya harusi atakaa mbele na wageni, apunge mkono."

Tangu jioni ile Mgeni alianza kusikia jambo lililomnyima raha. Mama mkwe alinukia vanila. Si esensi ya dukani, la! Vanila yenyewe, nzito, tamu, ile iliyomkuza yeye tangu kitandani kwa mama yake. Asubuhi mama mkwe akipita ukumbini, harufu inabaki nyuma yake kama mkia wa gauni. Watoto wa jirani walimfuata mpaka getini wakiuliza kama kuna keki.

"Anafanya mazoezi," Mgeni alimnong'oneza mumewe. "Mimi nikitoka, yeye anapika. Amepata vanila mahali, tena nzuri!"

"Na hizo keki anazila nani?"

"Sijui! Lakini mtazame anavyotembea."

Kweli, mama mkwe alikuwa amebadilika. Zile ngazi tatu za barazani, ambazo zamani alizipanda upande upande akiyalaani magoti yake, sasa alizipanda kama msichana aliyeitwa kucheza. Mgeni alisema hiyo ndiyo furaha ya mtu mwenye uhakika wa kushinda.

Jumamosi ikafika. Mama mkwe alikwenda kwa fundi cherehani kupimwa gauni, akawaachia jiko kwa saa mbili. Mgeni alifungua kabati la ukumbini, akapeleka mkono nyuma kabisa. Mkono ukagusa ubao.

Alitoa chupa zote, akazipanga sakafuni. Dawa ya kikohozi. Dawa ya tumbo. Dawa ya masikio. Yake haikuwepo.

"Unatafuta nini, wifi?" Msusi alisimama juu yake, kichwa chake mwenyewe kikiwa nusu kimesukwa. "Umepoteza ndoa?"

"Chupa. Ya kahawia."

"Humu? Si useme unatafuta punje moja ya mchele guniani."

"Haikuwa na lebo."

Wifi aliacha kucheka. "Isiyo na lebo, katika nyumba hii? Iliishi siku ngapi?" Kisha macho yakamtoka. "Ngoja. Ilikuwa na vitu vyeusi ndani? Virefu, kama mijusi iliyokauka?"

"Maganda ya vanila."

"Uuuwi! Dawa ya mama!"

Walikimbilia chumbani kwa wazee. Juu ya meza ndogo kando ya kitanda ilisimama chupa yake, imevalishwa lebo nyeupe yenye herufi za kiaskari: DAWA YA KUCHUA MAGOTI. KUTWA MARA MBILI. TIKISA KABLA YA KUTUMIA. Maganda yote yalikuwamo. Maji yake yalikuwa yamebaki kina cha kidole kimoja.

Mgeni alikaa kitandani bila kukaribishwa. Wifi alitaka kumwonea huruma, akashindwa. Alianza kwa kukohoa, akamalizia akiwa amejishika mbavu. "Kwa hiyo harufu yote ile... Wifi, mama alikuwa anajipaka keki!"

Na Mgeni, ambaye machozi yalikuwa yameshafika kopeni, akajikuta yanamtoka kwa kicheko.

Mzee Dozi walimkuta barazani na gazeti lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Niliikuta haina lebo," alisema. "Nikaifungua, spiriti ikanipiga puani. Ndani nikaona mizizi imezama. Nikasema hii ni ile dawa ya kuchua niliyoitengeneza zamani nikaisahau."

"Hukusikia harufu, Baba?"

"Mwanangu, pua yangu ilistaafu kabla yangu mimi. Spiriti ndiyo pekee inayopiga hodi ikasikika." Aliipangusa miwani kwa shati, akaipangusa tena. "Miaka thelathini na minane sijabandika lebo kwenye chupa isiyo yake. Mama yenu anajua?"

"Bado."

"Anadhani nilimtilia manukato." Sauti ilimshuka. "Aliniambia, mume wangu, miaka yote hii hukuwahi kunitengenezea dawa inayonukia. Nikanyamaza. Nikaona sifa hazina madhara."

Wifi alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mzee alisimama. "Keki inataka kiasi gani?"

"Vijiko viwili, Baba. Na maganda nitayakwangua. Utamu mwingi umo humo."

Alileta kigilasi chake cha kupimia, akakiinua usawa wa jicho, akamimina kama anayempimia mtoto mchanga. Vijiko viwili na matone. Mgeni alitoa maganda sita, mengine sita akayaacha chupani. Aliyafungua juu ya kibao, akayapitisha mgongo wa kisu, na punje nyeusi zikajikusanya kwenye ncha kama rangi ya wino. Harufu ilipanda ikajaza jiko zima.

Baada ya hapo alitoa amri, na hakuna aliyemvutia kiti. "Wifi, siagi na sukari, piga mpaka iwe nyeupe. Baba, chekecha unga. Mayai moja moja, jamani, hatujengi ukuta!" Mzee Dozi alichekecha unga mara tatu kwa sababu mara moja haikumridhisha, akaupeleka mpaka kwenye pazia. Wifi alipaka siagi kwenye trei na kwenye nusu ya nywele zake. Keki ikaingia ovenini, na wote watatu wakachutama mbele ya kioo kuitazama inavyovimba.

Ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa wakati sauti iliposikika tangu getini.

"Mzee! Nani anachezea dawa yangu jikoni?"

Mama mkwe aliingia na mkoba begani, pua mbele. Aliona unga, masufuria, keki ya rangi ya dhahabu inayofuka, na mumewe amesimama wima kama mbele ya mkaguzi.

"Si dawa," Mzee Dozi alisema. "Ilikuwa vanila ya huyu mtoto. Mimi niliibandika lebo isiyo yake, na wewe ukanisifu, nikaipenda sifa. Nisamehe."

Mama mkwe alimgeukia Mgeni. "Vanila."

"Ndiyo, Mama."

"Imelowekwa kwenye nini?"

Mgeni alijifuta unga mikononi. Huu ndio ulikuwa mwisho wake. "Kwenye pombe, Mama. Ile kali."

Oveni ilisikika ikipoa, tik, tik.

"Kwa hiyo mimi," mama mkwe alisema polepole, "ambaye sijaonja tone tangu nizaliwe, miezi miwili nimetembea mtaani magoti yamelewa."

Wifi aliteleza ukutani mpaka sakafuni. Mzee Dozi alijaribu kubaki mkaguliwa, akashindwa. Na mama mkwe mwenyewe, uso ukiwa bado mkavu, alianza kutikisika mabega, kisha tumbo, kisha sauti ikamtoka kubwa mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kuna nini.

Alipojifuta macho, alivuta kiti, akakaa. "Lete hiyo keki."

Alikata mwenyewe. Alitafuna amefumba macho, hakuharakisha, akakata kipande kingine, akafumba tena. Mgeni alihesabu vigae vya ukuta.

"Fundi cherehani ni shahidi yangu," mama mkwe alisema mwishowe. "Leo tu nimemwambia, natamani keki ya binti yangu inukie kama magoti yangu." Alifungua macho. "Yangu imeshindwa. Ya harusi utapika wewe. Vanila imebaki?"

"Maganda sita, Mama. Ya maji imekwisha."

Mama mkwe alifungua mkoba. Alitoa leso, funguo, miwani, na mwisho kichupa kidogo cha kahawia, kimejaa mpaka shingoni, na lebo yake: YA SAFARI. Alikishika kidogo, akayatazama magoti yake, kisha akakiweka kiganjani mwa Mgeni na kukifunga kwa vidole vyake.

"Yatavumilia mpaka harusi ipite. Baada ya hapo utanionyesha kuloweka. Chupa mbili: ya keki na ya magoti. Na wewe, Mzee, lebo atakutajia yeye kwanza ndipo uandike."

"Sawa, Daktari," alisema Mzee Dozi.

Mgeni alibaki amesimama na kichupa mkononi, hajui acheke au alie.

"Na wewe unasimama simama nini?" mama mkwe akapaza sauti. "Tazama jiko langu! Unga kwenye pazia, siagi kwenye mpini wa mlango, masufuria yote niliyonayo yamechafuka. Nani unadhani atayaosha, mimi? Osha haraka, kisha uje ufue hilo pazia, umelichafua!"

Alikuwa anafokewa. Anafokewa kweli, kwa sauti ya juu, mbele ya watu. Alizama kwenye karai mpaka viwikoni, povu likimfika shavuni, akiimba.

Chai ilipoletwa, ya kwake ilikuja katika kikombe kilichomeguka mdomo. Alikizungusha mpaka akaupata upande mzima, akanywa.