Asubuhi ya Kulipungia Basi

Watu wa hapa wana swali lao moja, na wote huliuliza kwenye foleni ya dukani, wamemwinamia mwanangu kama vile ni kitoto cha mbwa: "Leo hakuna shule, mrembo?" Tirzah hujibu mwenyewe, maana mimi nikijibu nitamtukana mtu. "Tumeshamaliza," anasema. "Tumefanya hesabu za kutoa, halafu tumekuja kununua mayai." Hapo ndipo linapokuja swali la pili, na marafiki je, atawapata wapi? Mimi hujifanya nasoma tarehe kwenye boksi la mayai.

Mwalimu ni mimi, mpishi ni mimi, mwalimu mkuu ni mimi, na wa kufagia pia ni mimi. Shule yetu ni meza ya jikoni. Asubuhi tunalisha kuku, tunarudi ndani, tunasali kidogo, tunasoma kwenye kochi mpaka Tirzah aanze kuning'inia kichwa chini miguu juu, na hapo najua kusoma kwa leo kumekwisha. Hesabu tunafanya kwa maharage makavu, na Jumamosi nayaokota mengine chini ya jokofu. Ramani ya nchi nimeibandika chooni kwa sababu ndiko anakokaa muda mrefu bila kugombana na mtu. Zipo siku mambo yanakwenda vizuri hadi najiona malkia. Zipo siku yeye analia mezani kwa sababu ya herufi, na mimi nalia kwenye stoo ya vyakula, mlango nimeurudishia. Lakini nilikuwa na jambo moja la kujivunia: Kansas nzima hakuna mama anayemjua mtoto wake wa miaka sita kama mimi ninavyomjua wangu. Ndivyo nilivyoamini.

Wenzangu wanaosomesha nyumbani wana sababu zao. Wapo wa dini, wapo wasioitaka serikali, wapo ambao watoto wao walikuwa wanaonewa. Sababu yangu mimi inaitwa Corwin. Alikuwa mwanangu wa kwanza, kaka yake Tirzah. Alikuwa na pumu. Asubuhi moja alipanda basi la njano hapo kwenye geti letu, yuko darasa la kwanza, na saa nne kifua kikambana. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imefungiwa kabatini ofisini, na mwenye ufunguo katoka. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nilikuwa na wawili nikabaki na mmoja, nikaapa kwamba huyo mmoja shule haitamwona.

Tirzah wakati ule alikuwa na miaka miwili, hakumbuki chochote. Na mimi nikapiga marufuku: humu ndani mtu yeyote asimwambie habari za kaka yake. Mume wangu, Lyle, alijaribu kunishauri mara moja tu, nikamtolea macho mpaka akatoka nje kutengeneza trekta ambalo halikuwa bovu. Wenzangu waliwaonya watoto wao, na wakaonyeka. Makaburini tulikwenda mimi na Lyle peke yetu. Niliacha picha moja ukutani kwenye korido: Corwin na mkoba mgongoni, amesimama mbele ya basi, anacheka na pengo lake. Tirzah alipofika miaka minne aliuliza, huyu nani? Nikamwambia kaka yako, Corwin. Yuko wapi? Nikasema alikwenda shule, halafu nikafungua bomba nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hakuuliza tena. Nikamshukuru Mungu.

Sasa, sisi wa kusomesha nyumbani tuna desturi yetu. Siku shule zinapofunguliwa, mwezi wa Agosti, tunakusanyika kwa yule mwenye nyumba iliyo kando ya barabara, na hapa kwetu mwenyewe ni mimi. Tunakuja na nguo za kulala, watoto na mama zao, tunakaanga pankeki, na basi likipita tunasimama barazani kulipungia mikono na kupiga vigelegele, kwamba haya nendeni salama, sisi tunarudi kitandani. Dereva, Mzee Elroy, hupiga honi. Wote wanacheka. Mimi nilikuwa nasimama hapo nimemshika Tirzah bega, nalitazama basi likipita bila kusimama, na moyoni nasema: huyu hamumpati ng'o.

Mwaka huu Charlene ndiye aliyefika wa kwanza, na watoto wake saba, amevaa gauni la kulalia lenye picha za jogoo na nywele zimejaa vibanio. Charlene ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, na mdomo wake hauna breki.

"Darla, hizi pankeki au soli za viatu?"

"Umekuja kula au kukagua?"

"Nakagua huku nakula, mwenzangu. Nipe tatu."

Tirzah alikuja jikoni na sahani, amevaa nguo za kulala na mabuti yake ya mvua, akataka pankeki kubwa kuliko zote, yenye siagi nyingi. Akaifunika kwa karatasi ya kufutia mikono.

"Mbona unaifunika? Itapoa hiyo, kula."

"Siyo yangu."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

Nikajua ni ya kuku. Huwa ananiibia mikate kuwapelekea kuku. Nikageuza pankeki nyingine.

Kitu nilichokuwa nimesahau ni kwamba ng'ambo ya barabara walikuwa wamehamia watu wapya, na watu hao wana watoto wa shule. Basi lilipotokea kule kwenye mashamba ya mtama sote tulitoka barazani kama kawaida, tukaanza kelele zetu. Halikupita. Lilisimama mbele ya geti letu, taa nyekundu zikawaka, mlango ukafunguka. Watoto wa jirani wakavuka barabara, wakapanda. Na nyuma yao, na sahani yake ameishika kwa mikono miwili, akapanda Tirzah.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi za baraza. Nakumbuka nilichokuwa nakiwaza nikikimbia miguu mitupu kwenye kokoto, na kilikuwa uchungu mtupu. Kumbe anataka kwenda! Usiku na mchana nimekuwa kwa ajili yake, nimeacha kazi, nimeacha kila kitu, na mlango wa kwanza ulipofunguka mtoto amenikimbia. Niliona kama nimepigwa kofi mbele ya watu.

"Mama, mtu mzima haruhusiwi kupa—" Mzee Elroy alianza, halafu akaniona ni nani.

Tirzah alikuwa katikati ya basi. Hakuwa amekaa. Alikuwa anakwenda kiti kwa kiti, anachungulia kushoto, anachungulia kulia, anaangalia nyuso. Watoto walikuwa wanamkodolea macho yeye na mabuti yake. Msichana mmoja mkubwa akacheka, "Wewe, unatafuta nini, na hizo nguo za kulala?"

"Namtafuta Corwin," akasema. "Kaka yangu. Nimemletea pankeki."

Akafika kiti cha mwisho, akainama akatazama chini yake. Kisha akageuka akarudi mpaka mbele kabisa, akamwinulia uso Mzee Elroy.

"Babu, umemwacha wapi Corwin? Humo hayumo."

Mzee Elroy ndiye aliyekuwa akiendesha asubuhi ile Corwin alipopanda. Alivua kofia yake. Mzee wa watu, mikono ameing'ang'aniza kwenye usukani, akanitazama mimi kama anayeomba kuokolewa. Na mimi nimesimama kwenye ngazi ya basi ambalo niliapa sitalikanyaga maishani. Nilimbeba Tirzah, sahani ikaanguka, pankeki ikalala pale sakafuni, nikashuka naye.

"Mama, bado sijamaliza kuangalia," alikuwa anasema begani kwangu. "Labda ni basi lingine. Mama, kuna mabasi mangapi?"

Barazani hakuna aliyekuwa anacheka. Wanawake walianza kukusanya sahani bila kunitazama, wakaita watoto wao, magari yakaondoka moja moja. Charlene alibaki wa mwisho. Aliegemea ukuta, vibanio na vyote.

"Mwambie leo," akasema.

"Charlene, usinianze."

"Nakuanza. Miaka minne tumekunyamazia tukidhani tunakuhurumia. Umeona mtoto anavyochungulia chini ya viti? Umeona, Darla? Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema taratibu, unanijua." Alikuwa analia. Kisha akapanda gari lake, akaenda.

Tuliingia ndani. Tirzah mwenyewe alikwenda kukaa kwenye kiti chake mezani, akavuta bakuli la maharage, maana ulikuwa wakati wa masomo. Kila kitu nimemfundisha kwenye meza hiyo. Jinsi mvua inavyotokea, kwa nini chura ana ngozi ya maji, herufi zote, kupika uji. Nikakaa mbele yake.

"Tirzah, unamkumbuka kuku wetu mwekundu?"

"Aliyekufa, mwewe alimuua. Tulimzika nyuma ya banda."

"Corwin naye amekufa, mwanangu."

Aliacha kuyachezea maharage. "Mwewe?"

"Hapana. Kifua kilimbana. Pumzi ikamwishia."

"Kwenye basi?"

"Shuleni."

Akafikiri. Naijua sura yake anapofikiri, hukunja pua. "Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Na wewe. Nilikuwa nakuogesha."

Hapo ndipo nilipokatika. Nilidhani nimekwisha kulia, nilidhani machozi ya Corwin niliyamaliza kule stoo, kumbe wapi! Nililia kwa sauti, kichwa mezani, maharage yamenigandia usoni, kilio ambacho sikulia hata siku ya mazishi kwa sababu siku ile walinipa vidonge. Nilisikia kiti chake kinasukumwa. Akaja akasimama kando yangu, akawa ananipigapiga mgongoni kwa kiganja, polepole, kama ninavyompigapiga yeye akiwa na homa.

"Pole, mama," akasema. "Pole."

Tulikaa hivyo. Sijui ni muda gani. Yeye hakulia. Aliuliza kama Corwin naye tulimzika, nikasema ndiyo. Aliuliza kama yuko karibu na kuku, nikasema hapana, yuko mjini, nyuma ya kanisa, nitampeleka. Aliuliza kama alikuwa anapenda pankeki. Nikamwambia alikuwa anazipenda sana, akasema, "Nilijua." Halafu akanishika shavu akanigeuza nimtazame.

"Baba anajua?"

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Akachukua ule ukimya kuwa ndilo jibu.

"Basi nitamwambia mimi," akasema. "Wewe utalia tu."

Saa sita gari la Lyle liliingia uani. Anafanya kazi kwenye ghala la ngano mjini na hurudi nyumbani kula mchana. Tirzah alisikia mlio, akavaa mabuti yake, akatoka. Nilikwenda hadi kwenye mlango wa wavu, nikasimama hapo. Nilitaka kupiga kelele, Lyle, ngoja, nilitaka kumpa hata ishara, lakini mtoto alikuwa ameshamshika mkono na anamvuta kwenye ngazi za baraza.

"Kaa, baba."

"Nina njaa, mwalimu mkuu. Tunakula nini?"

"Kaa kwanza."

Lyle akakaa, vumbi la ngano limemjaa kwenye nyusi. Tirzah hakukaa. Alisimama mbele yake ili nyuso zao zilingane, akaushika ule mkono mkubwa kwa mikono yake miwili.

"Baba, Corwin amekufa. Pumzi ilimwishia. Siyo mwewe."

Lyle hakusogea. Jina hilo lilikuwa halijatajwa mbele yake na mtu wa nyumba hii kwa miaka minne. Niliona mabega yake yanapanda, yanashuka, na nikaona mdomo wake unapinda kama wa mtoto mdogo. Mume wangu huyu sikuwa nimewahi kumwona akilia, kwa kuwa sikumpa nafasi.

"Pole, baba," Tirzah akasema, akaanza kumpigapiga mgongo. "Pole sana."

"Nani... nani kakwambia, mwanangu?"

"Mama." Kisha akamsogelea sikioni, akapunguza sauti, ila mimi nilisikia. "Usimgombeze, baba. Na yeye kajua leo."

Lyle akainua macho, akanitazama kupitia ule wavu wa mlango.

"Simgombezi," akasema.