Kitanda cha Ayuma Chagawanywa

Ayuma alijua mashemeji zake watakuja na tamaa, ila hakujua kwamba tamaa yenyewe haina haya hata kidogo. Siku ya kunyoa nywele za msiba, baada ya matanga ya mumewe Phineas, ukoo huketi kugawana vitu vya marehemu. Hiyo ni desturi. Koti likaenda, baiskeli ikaenda. Kisha Erastus, kaka mkubwa wa marehemu, akaelekeza fimbo kwenye kitanda cha kufumia nguo.

Hapo damu ikamchemka. Kweli, Phineas ndiye aliyekichonga, lakini hakuwahi kukifumia hata uzi mmoja. Mablanketi aliyofuma Ayuma ndiyo yaliyolisha watoto. Jamani! Kakamega nzima imeimba uhuru mpaka sauti zikakauka, kumbe wa mjane bado uko njiani.

Wakakigawa kama nyama. Boriti ya nyuma, inayokaza nyuzi za mtande zisilegee, Erastus akaitaka iwe mwimo wa mlango. Vikanyagio vya miguu akapewa ndugu yake Protus, awashie moto. Chanuo, lile zito la kushindilia uzi, mdogo wao Shitanda akasema litamfaa kwa banda la vifaranga. Vifaranga!

Ayuma hakulia. Alikwenda akaketi kwenye benchi lake, blanketi likiwa bado nusu, akaanza kufuma mbele ya macho yao. Akakanyaga kikanyagio cha Protus, nyuzi za mtande zikaachana, nusu juu, nusu chini. Akapitisha uzi wa mshindio katikati. Akavuta chanuo la Shitanda, pu! Uzi ukakaa mahali pake. Akakanyaga cha pili, nyuzi za chini zikapanda, za juu zikashuka, na boriti ya Erastus ikizikaza zote kutoka nyuma.

Erastus akamfokea Shitanda achukue fungu lake, asichezewe na mwanamke. Shitanda akaingiza mkono kati ya chanuo na nguo.

"Shemeji, toa mkono," Ayuma akasema.

Hakuutoa. Ayuma akalivuta chanuo kwa hasira yote ya kumuuguza Phineas mwaka mzima bila shemeji hata mmoja kuleta uji. Shitanda akapiga yowe likasikika hadi barabarani, akatoka mbio, vidole mdomoni.

Ayuma akakanyaga tena, akapitisha uzi.

"Haya, nani mwingine amekuja kuchukua fungu lake?"

Erastus akaitazama boriti yake, kisha akavitazama vidole vyake. Akaanza kutafuta kofia.