Pumzi za Koplo Mutsinzi

Nasimiyu, Mkenya aliyekuwa mtakwimu katika kituo kimoja cha utafiti Kigali, alikuwa na wanajeshi kumi na wawili kwenye kompyuta yake. Wote walivuta gesi ya klorini siku mtungi ulipopasuka wakiwa zamu kwenye mtambo wa maji. Kazi yake ilikuwa kuunda modeli ya kukadiria mapafu yao yangepona baada ya muda gani. Modeli ilisema wiki sita, na aliyeafikiana nayo kuliko wote alikuwa Koplo Mutsinzi. Kila dodoso alijaza vilevile: sina tatizo.

Koplo alipokosa kufika kwenye kipimo cha tatu, Nasimiyu alimfuata kwake Gatsata. Koplo alimpokea barabarani, wakaanza kupanda mlima. Hatua chache tu, akasimama kufunga kamba za kiatu. Mbele kidogo akasimama kumsalimu jirani, kisha akasimama tena kutazama simu ambayo haikuita. Midomo ilikuwa imembadilika rangi. Nasimiyu akapunguza mwendo.

Nyumbani, mkewe Umuhoza aliwawekea chai, akaeleza bila kuulizwa kwamba mumewe hulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Mutsinzi aliinamisha kichwa. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu.

"Nikiandika kwamba sipumui vizuri, dada, watanitoa jeshini. Sijui kazi nyingine."

Nasimiyu alimwonea huruma, akatamani kuyaacha mambo yalivyo. Lakini alijua jambo ambalo koplo hakulijua.

"Wenzako wanarudishwa mazoezini Jumatatu, afande," alimwambia kwa upole. "Hizo wiki sita zimetegemea sana majibu yako."

Mutsinzi alisogeza kikombe kando. Kisha akaomba dodoso jipya, akaandika yote.

Mchoro wa modeli ya Nasimiyu uliharibika. Mkuu wake, Zephaniah, alinung'unika kwa kuwa ripoti ilikuwa tayari kutumwa, lakini alilisoma dodoso la koplo mara mbili, akaizuia ripoti. Mazoezi yaliahirishwa, wote wakaitwa kupimwa upya, safari hii wakitembea badala ya kuketi. Watano walikutwa na hali kama ya Mutsinzi.

Yeye hakutolewa jeshini. Alihamishiwa ghala la sare, kazi ya kukaa, na hakuipenda hata kidogo. Alipompigia Nasimiyu simu alilalamika karibu nusu saa, naye akamsikiliza mpaka mwisho.