King'ora cha Mzee Nasiri

Mzee Nasiri wa mtaa wa Kabeza alikuwa fundi cherehani hodari, na ubishi wake ulikuwa hodari kuliko mshono wake. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba babu yake alikuja Rwanda kutoka Pwani na mzigo wa vitambaa kichwani, na ubishi ulikuwamo humo humo ndani ya mzigo. Basi siku aliyokwenda Sonatubes, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kununua stabilaiza ya karakana yake, ubishi alikwenda nao, tena ukitangulia mbele.

Stabilaiza ni kabati la chuma la kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kabla haujaingia kwenye mashine. Na mashine ya Nasiri haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa ya kutarizi, ya vichwa sita, aliyoinunua kwa kuuza shamba lake la Gahanga lote, hata migomba haikubaki. Mashine za namna hiyo zina ubongo ndani, na umeme mbaya ukiufikia ubongo ule, hakuna daktari. Ikifa ile, Nasiri angerudi kwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na goti lake la kulia lilishakataa kazi hiyo siku nyingi.

Muuzaji alikuwa injinia kijana aitwaye Trinah, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, kalamu sikioni.

"Mzee, stabilaiza yenyewe iko sawa," alisema, "lakini iko na vitu unaweza kuongeza. Hii inakata umeme yenyewe kama imepanda sana ama imeshuka sana. Hii inaangalia fezi tatu, zile nyaya tatu za umeme, moja ikipotea inakata. Hii inafanya umeme ikirudi ingojee kwanza dakika tatu, maana ile ya kwanza inakujaga na fujo. Halafu iko king'ora na taa nyekundu."

"Vikorombwezo hivyo," alisema Nasiri. "Nimekuja kununua koti, mwanangu, wewe unaniuzia vifungo kimoja kimoja."

"Koti bila vifungo, Mzee, baridi inaingia."

Nasiri hakupenda kujibiwa vizuri na mtoto wa juzi. Akachukua orodha, akafuta kimoja baada ya kingine, akaacha king'ora na taa. Hivyo angalau vinaonekana na kusikika. Kidude kinachojificha kabatini kikikata umeme kimya kimya, utamwonyesha nani?

"King'ora kinapiga kelele tu," Trinah akamwonya. "Hakikati kitu. Nani atakata?"

"Mimi. Kikilia nitakuja kuzima mwenyewe. Kinga ni mimi hapa."

Akajipiga kifua. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini wahenga hawakuwahi kubishana na Nasiri, wangemwachia tu na wao.

Jamani, msimu wa mvua ulipoanza, Kabeza nzima iliipata habari! Mara ya kwanza king'ora kililia Nasiri akiwa kwa kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa na nusu inangoja. Akatoka mbio na shuka la kinyozi shingoni, futi ya kupimia ikimpiga mgongoni. Mara ya pili alikuwa kwenye kikombe cha chai. Mara ya tatu alikuwa amekwenda kuhani msiba nyumba ya jirani, akawaacha wafiwa katikati ya neno la pole. Mpaka mwezi unakwisha, madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, pale kona walikuwa wameshampa jina: Ambulansi. Umuhoza, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, yeye alifaidi. Kila akimwona mzee anapita mbio alichomoa mashine zake zote za kukaushia nywele, hakuunguza hata moja.

Mtu angeuliza, kwani karakana haina wafanyakazi? Wapo, tena wazuri, lakini Nasiri hakumruhusu yeyote kuigusa mashine. Kuizima kulikuwa na taratibu: simamisha sindano kwanza, ndipo ushushe swichi kubwa. Ingabire, msaidizi wake wa miaka mingi, alijaribu siku moja kwa nia njema akaanza na swichi, tena akaiwasha bila kuingoja ikumbuke ilipoachia, na korongo aliyekuwa akitariziwa kwenye shati la mteja akatoka bila kichwa. Tangu siku hiyo Nasiri alisema kibonye cha mashine ile ni chake peke yake, na atakayekigusa atafute pa kushona.

Nizeyimana ndiye aliyeileta stabilaiza na kuifunga. Alikuwa fundi umeme wa dukani kwa Trinah, kijana mpole wa Kiislamu kutoka Gahanga. Akarudi wiki iliyofuata kukagua king'ora. Akarudi tena. Akarudi mara ya tano, na king'ora hakina hata vumbi, Nasiri akaanza kufahamu kwamba kinachokaguliwa si king'ora. Alikuwa na binti mmoja tu, Leila, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na Leila siku hizo alikuwa akipika chai nyingi kupita kawaida. Posa ilipoletwa, mzee alinung'unika wiki mbili kwa ajili ya heshima yake, kisha akakubali. Kijana alikuwa mwema, wala hakuwa mbishi.

Leila alimwomba baba yake jambo moja.

"Baba, siku ya ndoa usikimbie."

"Nikimbie niende wapi?"

"Unajua wapi. Kikilia, kilie. Wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha, baba, sina mwingine. Usiniache pale."

Alisema kwa utani, lakini macho hayakuwa ya utani. Nasiri akaapa. "Wallahi sitanyanyuka."

Kuapa ni rahisi jua likiwaka. Ndoa ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumapili asubuhi kwaya moja ilikuwa ikija kuchukua majoho themanini ya kutariziwa msalaba na njiwa. Mvua zilikuwa zimechelewesha kazi. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, wageni wakiingia sebuleni na kuvua viatu, kule uani mashine ilikuwa ikienda peke yake, vichwa vyote sita, na kila mtu wa karakana yuko harusini amevaa nguo mpya. Nasiri alikuwa amekaa mkekani amemshika mkono Nizeyimana, sikio moja kwa sheikh, jingine uani.

Sheikh alitoka chumba cha ndani na mashahidi wawili, alikokwenda kumuuliza bibi harusi ridhaa yake na mahari anayotaka. Mahari ni haki ya mwanamke, hutaja mwenyewe, na Leila alikuwa amekataa kumwambia baba yake mapema. Nasiri alidhani ni bangili. Sheikh akaikunja karatasi aliyoiandika bibi harusi, akaitia mfukoni, akaanza hotuba.

Hapo ndipo kilipolia.

Sebule nzima iligeuka. Hakuna aliyemtazama Nasiri usoni, walitazama miguu. Umuhoza, aliyekuwa amesimama mlangoni na gauni lake la sherehe, alishafika katikati ya barabara kwenda kuchomoa mashine zake. Goti la Nasiri likainuka lenyewe, akalirudisha kwa mkono. Alijua hesabu ya umeme ule: dakika moja, labda mbili, na ubongo wa mashine unakuwa jivu. Shamba lake la Gahanga lilikuwa kule uani likipiga kelele, na nyuma ya pazia la chumba cha ndani alikuwa binti yake amenyamaza, anasikiliza kama baba atanyanyuka.

Hakunyanyuka.

King'ora kikalia kwa muda ambao yeye aliuona mwaka. Kisha kutoka uani ukasikika mlio mzito, ko! na kukawa kimya. King'ora kimya, sindano kimya. Imekufa, Nasiri alijisemea. Innalillahi. Machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu, na kinamama nyuma ya pazia wakasema, masikini, anamlilia mtoto. Na kweli alikuwa akimlilia mtoto pia, huwezi kuyatenga machozi.

"Tuendelee, Mzee Nasiri?" sheikh akauliza kwa upole.

"Tuendelee."

"Basi fuatisha maneno yangu. Nimekuozesha binti yangu Leila..."

"Nimekuozesha binti yangu Leila..."

"...kwa mahari ya..." Sheikh akaitoa ile karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "...kifaa kimoja cha kukata umeme wa fezi tatu unapozidi au kupungua, pamoja na cha kuungojesha dakika tatu unaporudi, vyote vimeshafungwa."

Nasiri akageuza shingo. "Sheikh, soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Kaandika mwenyewe, na mashahidi hawa hapa."

"Muzehe," Nizeyimana alinong'ona, kichwa chini, "nilifunga Alhamisi, ulipokwenda kununua mbuzi. Vyote viko ndani ya kabati. Ule mlio ulikuwa wake. Imekata. Mashine iko salama."

Kicheko kilianzia kwa mashahidi, kikapita mkekani, kikaingia nyuma ya pazia, na nje madereva wa moto, waliokuwa wakisikiliza dirishani, wakacheka bila kujua sababu. Nasiri akauminya mkono wa mkwewe kwa nguvu zote za fundi aliyekata vitambaa miaka arobaini. Ilimbidi aseme. Ndoa haifungwi kwa kunung'unika. Basi akavitaja vile alivyovifuta kwa kalamu yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya kusikika, mpaka zile dakika tatu.

"Nimekubali," akasema Nizeyimana upesi upesi, mzee asije akaanza kubishana.

Vigelegele vikapasua hewa. Nasiri akaingia chumba cha ndani bila kungoja kupewa mkono. Leila alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hina mikononi.

"Mahari watu wanataka dhahabu," alisema baba yake. "Kitu cha kuvaa shingoni. Wewe unaolewa kwa kontakta ya kukata umeme?"

"Ni mali yangu, baba, nimeiacha kwako tu. Ukiifungua utakuwa umemdhulumu mwanao, muulize sheikh."

"Ungeniambia."

"Ungebisha." Akacheka, kisha hakucheka tena. "Baba, kila ulipokimbia, mimi nilikuwa nyuma yako. Hukuwahi kugeuka kuniona. Ndala zako nilikuwa naziokota mimi njiani, naogopa tu siku utakayoanguka. Sasa nakwenda Gahanga. Kutoka Gahanga sitasikia."

Nasiri akaketi kando yake, wakashikana mikono. Mlango ukagongwa, na Ingabire akachungulia na sinia la pilau kichwani, pumzi juu.

"Muzehe, umeme imerudi. Mashine inasema imekumbuka mahali iliachia, inangoja tu mtu abonyeze. Na majoho ni ya kesho. Utakuja?"

Leila akaulegeza mkono wake ili amwachie aende.

"Bonyeza wewe," Nasiri akasema, na mkono wa mwanawe hakuuachia.